Vifaa vya Mama Veneranda

"Kisigino kwanza," alisema Gervasi, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya kiwanda chake mwenyewe. "Kisigino, Anatoli. Usitangulize dole."

"Kisigino kilishafika, bosi. Dole ndilo linalotafuta nafasi."

Gervasi alilishika gambuti kwa mikono miwili akavuta, Anatoli akasukuma mguu, wakaendelea hivyo mpaka wote wawili wakahema. Anatoli alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na miguu ambayo haikuwahi kufungiwa ndani ya kitu chochote tangu alipomaliza shule ya msingi. Ilikuwa imetanuka kwa mbele, kila kidole kikijitegemea. Kwa miguu hiyo alikuwa ametembea juu ya sakafu yenye mawese kwa miaka kumi na mmoja bila kuanguka hata siku moja.

"Wekeni mafuta," alisema Scola bila kugeuka. Yeye alikuwa kwenye pipa, akikoroga chikichi zilizochemka. "Kiwanda cha mafuta, watu wanahangaika kuingiza mguu!"

Gervasi akachota mawese kwa kikombe, akamimina ndani ya gambuti. Mguu ukazama mara moja, kwa sauti ya mtu anayemeza tonge kubwa.

"Umeingia!"

"Umeingia," alikubali Anatoli. Akapiga hatua moja. Mguu ulikwenda, gambuti likabaki. "Na umetoka."

"Hilo gambuti litaoshwa kabla halijarudi kwangu," ilisema sauti kutoka kwenye benchi. "Kwa sabuni, na litakaushwa kivulini. Bangwe wamenirudishia likiwa na dagaa ndani. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa juu ya pikipiki."

Aliyesema hivyo alikuwa Mama Veneranda, mtunza vyombo wa chama cha kufa na kuzikana. Alikuwa ameketi wima, daftari mapajani, kalamu sikioni, na mtungi wa kuzimia moto umelala mikononi mwake kama mtoto aliyetoka kunyonya. Alikuja nao hivyo hivyo kutoka Katubuka mpaka Mwandiga, amekaa upande nyuma ya pikipiki ya Castory fundi wa kuchomelea, na watu wa barabarani walimpisha wakidhani anawahi hospitali.

Ili mtu aelewe jinsi mtunza vyombo vya msiba alivyofika kwenye kiwanda cha mawese akiwa na mtungi wa moto, lazima tumrudishe Gervasi nyuma wiki tatu. Siku hiyo mkaguzi wa usalama mahali pa kazi, Bi Esther, mwanamke mpole aliyehamishiwa Kigoma akitokea Tanga, alipita kiwandani kwake kwa mara ya kwanza. Alizunguka kimya, akauliza maswali machache, akaandika sana. Kisha akamwachia Gervasi barua. Gervasi aliisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani, na haikubadilika. Mwajiri awape wafanyakazi wake viatu, glavu na kofia ngumu, bila kuwakata chochote. Mwajiri aweke mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza. Mwajiri aondoe utelezi sakafuni. Wafanyakazi wapimwe afya, wafundishwe, wachague mwakilishi wao. Na mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye mashine ya kuponda chikichi uwekewe kinga, la sivyo mashine itafungwa.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkosesha Gervasi usingizi. Ulikuwa msimu. Uani kwake kulikuwa na mikungu sitini ya chikichi za watu, na chikichi hazijui kusubiri. Zikikaa siku tatu zinachacha, na mafuta yake hakuna mama atakayeyapikia. Mashine ikifungwa, wenye mikungu wangebeba mali yao kwenda kwa mkamuaji mwingine huko mbele, na mtu akishazoea njia nyingine ni kazi kumrudisha.

Gervasi hakuwa mtu mbaya. Aliwalisha wafanyakazi wake mchana. Anatoli alipougua malaria, yeye ndiye aliyempeleka zahanati. Lakini alipoitazama ile barua, aliiona kwa jicho alilozoea kuonea mambo makubwa. Kwao, mtu akifiwa, hahitaji kuwa na sahani mia mbili nyumbani. Nani ana sahani mia mbili? Anakwenda kwa Mama Veneranda, anaandikwa, anabeba sahani, masufuria na turubai, wageni wanakula, vyombo vinaoshwa na kurudi. Hakuna aliyewahi kuona aibu kwa hilo. Na mgeni hali chakula akauliza sahani ni ya nani.

Kwa hiyo alikaa na wenzake wawili waliopata barua kama yake, Alphonce mwenye karakana ya boti Bangwe na Castory wa Katubuka, wakachanga, wakanunua seti moja. Magambuti jozi sita, kofia ngumu sita, glavu, mtungi, sanduku. Wakamkabidhi Mama Veneranda, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kutunza vitu vya watu wengi. Naye akavipokea kama anavyopokea vyote. Alivipiga alama ya rangi nyekundu na namba, akaviandika. Sanduku la huduma ya kwanza akalifunga kwa uzi na kupiga fundo, maana aliandika bandeji nne na zilipaswa kurudi bandeji nne. Asubuhi ya ukaguzi huu, seti ilipokuwa Bangwe, Alphonce alikuwa amejikata kidole na msumeno, akanyoosha mkono kwenye sanduku, akaambiwa, "Ukitumia, leta nyingine." Akafunga kidole kwa kipande cha gazeti.

"Uliniambia mkaguzi umemwacha wapi?" Gervasi alimuuliza Castory, akilivuta tena lile gambuti.

"Mjini, mgahawani. Ananawa mikono. Ameagiza mgebuka."

"Kipande au mzima?"

"Mzima."

"Basi tuna muda. Mgebuka una miiba, na mtu wa Tanga haumalizi haraka."

Ndiyo kwanza amalize kusema, wakasikia gari likipunguza mwendo barabarani.

"Ameuacha," alisema Anatoli kwa huzuni. "Ameuacha mgebuka!"

Castory, ambaye saa moja iliyopita alikuwa amekaguliwa kwenye karakana yake akiwa amevaa kofia hizo hizo, alitazama huku na huku, akaona lundo la makapi nyuma ya mashine, akalizunguka na kutoweka. Gervasi akamtwisha Anatoli kofia, akampa Scola nyingine, akaweka mtungi ukutani juu ya msumari, akajifuta mikono. Mwisho alikwenda kwenye kile alichokuwa akijivunia kuliko vyote, akanyoosha mkunjo mmoja.

Kilikuwa turubai. Kwa kuwa kinga ya mkanda haikuwamo kwenye seti, Gervasi alikuwa amemwomba Mama Veneranda turubai dogo la jikoni, lile wanalozungushia wapishi ili upepo usipige moto. Alikuwa amesimamisha fito nne kuuzunguka mkanda, akalifunga turubai kwa kamba, na sasa mkanda ulikuwa hauonekani hata kidogo. Palipendeza kama bafu la wageni.

Bi Esther aliingia na mkoba begani, akasalimia kila mtu. "Shikamoo, mama," alimwambia Mama Veneranda.

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Asante. Na wewe pole na safari."

Gervasi hakupenda jinsi alivyolijibu hilo.

"Huyu ni mteja," aliharakisha kusema. "Amekuja kununua mawese."

Bi Esther alimtazama Mama Veneranda, akafungua daftari lake. "Bangwe niliambiwa ni mpishi," alisema taratibu, akifuata mstari kwa kidole. "Katubuka niliambiwa ni shangazi yake fundi. Hapa ni mteja. Leo mama amefanya kazi."

"Nimechoka kweli," alisema Mama Veneranda, ambaye hakuwa amepangiwa la kusema na aliona hakuna ubaya kujibu ukweli.

Bi Esther akamsogelea Anatoli. Anatoli alisimama wima, akiogopa kupiga hatua asije akaacha gambuti nyuma. Bi Esther aliivua ile kofia kichwani mwake, akaigeuza. Ndani kulikuwa na alama nyekundu na namba nne, na kwenye ukingo, juu ya sikio la kulia, palikuwa na ufa mdogo.

"Kofia hii nimekutana nayo saa tatu asubuhi kwa wenye boti," alisema. "Saa sita nikaikuta Katubuka. Imenitangulia hapa pia, na mimi nina gari."

Kutoka ndani ya kofia dagaa mmoja mkavu alidondoka sakafuni. Mwandiga iko barabarani, kwenye mashamba. Ziwa liko mbali. Wote walimtazama yule dagaa kama mtu aliyeingia msibani bila kumjua marehemu.

"Upepo," alisema Gervasi.

"Upepo," alirudia Bi Esther, akaandika kitu kifupi. Hakuwa amepandisha sauti hata mara moja, na hilo lilimtia Gervasi hofu kuliko kama angegomba. "Na mkanda? Mara ya mwisho niliuona wazi."

Gervasi akapata nguvu. Akamwongoza kwenye turubai kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha bibi harusi. "Umefunikwa, kama ulivyoagiza. Hauonekani kabisa."

Bi Esther aliligusa turubai kwa kidole. Likabonyea. "Scola husimama wapi?"

"Hapa," alisema Scola, akajiweka mahali pake, kando ya turubai, kwenye mdomo wa mashine ambapo chikichi zinamiminwa.

"Rudi nyuma kidogo, dada. Nyote rudini nyuma. Bwana Gervasi, washa nione."

Hilo Gervasi hakuwa amelitegemea. Katika mawazo yake yote, ukaguzi ulikuwa wa kutazama. Mgeni anakuja, anatazama, anashukuru, anaondoka. Hakuwahi kufikiri kwamba mgeni angetaka kuona kazi ikifanyika, tena na mashine yenyewe.

"Kuiwasha?"

"Kuiwasha."

Gervasi akamtazama Anatoli, Anatoli akayatazama magambuti yake. Akajikokota kuelekea kwenye injini, hatua fupi fupi. Hatua ya tano akafika kwenye utelezi. Miguu iliyokuwa imeshika sakafu hiyo miaka kumi na mmoja, sasa ikiwa ndani ya mpira uliojaa mawese, ilisahau yote. Anatoli alikwenda moja kwa moja kutoka mlangoni hadi ukutani, amesimama wima, mikono pembeni, uso wa mtu anayetafakari, na alipofika ukutani alilishika dirisha akasimama.

"Nimefika," alisema.

Akavua magambuti, akayaweka kando vizuri, akaenda peku kwenye injini akaiwasha.

Injini ilikohoa, ikashika. Mkanda ukaanza kukimbia ndani ya turubai, hauonekani, ukisikika tu. Turubai lilitetemeka kidogo. Likavuta pumzi. Likatoa. Gervasi alimgeukia Bi Esther akitabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa bado usoni wakati upepo wa mkanda uliponyonya upande mmoja wa turubai kwa ndani.

Hakuna aliyeona vizuri kilichofuata, ingawa baadaye kila mmoja alikisimulia. Turubai liliondoka. Halikupasuka wala kudondoka, liliondoka lote kwa mara moja, kama shuka linalovutwa kutoka kwa mtu aliyelala. Fito ya kwanza iling'oka ikaingia nalo. Ya pili ikavunjika katikati. Ya tatu iliruka juu ya kichwa cha Gervasi, ikatoboa bati la ukuta, ikabaki imening'inia hapo ikitikisika. Kamba zilipiga hewani kama mijeledi. Kisha injini ilipiga kelele moja nzito, ikatoa moshi mweusi, ikazima.

"Yebaba we!" alisema Anatoli.

Nyuma ya makapi Castory aliinua kichwa, akasahau kwamba amejificha.

Mama Veneranda alisimama, akaenda polepole hadi kwenye mashine. Turubai la jikoni, lililokuwa limetumika kwenye misiba kumi na tisa bila doa, lilikuwa limejiviringa kwenye gurudumu kama tambi, limebana hivi kwamba kisu kisingepita. Alilitazama muda mrefu. Akalitoa lile daftari, akatoa kalamu sikioni.

"Andika limechakaa," alinong'ona Gervasi. "Mama, nakuomba."

"Daftari hili sijawahi kuliandikia uongo," alisema Mama Veneranda, akaandika, akitamka kila neno: "Turubai dogo la jikoni. Limeliwa na mashine. Kwa Gervasi."

Watu walianza kucheka, mmoja baada ya mwingine, kwa woga wa kitu kilichopita karibu. Anatoli alicheka mpaka akakaa chini. Hata Bi Esther aligeukia mlangoni kidogo. Scola peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama pale alipoambiwa arudi, akipatazama mahali pake pa kila siku. Fito ya pili, ile iliyovunjika, ilikuwa imelala hapo hapo, ncha zake nyeupe zikitazama juu.

"Ndivyo ilivyofanya kwa kitenge changu," alisema.

Gervasi akageuka. "Kitenge gani?"

"Cha bluu. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Mkanda ulichukua ncha. Nilikifungua kiunoni nikakiachia, ukaenda nacho."

"Hukuniambia!"

"Nilikuambia, baba Recho. Nilisema kitenge changu kimekwenda na mashine. Ukasema pole sana. Krismasi ukaninunulia kingine."

Gervasi alikumbuka. Alikikumbuka hata kile kitenge, cha njano, chenye maua. Alikuwa amekichagua mwenyewe sokoni Ujiji, akafurahi sana siku ile kwamba yeye ni mwajiri anayejali. Scola alikuwa amekivaa leo. Gervasi alikitazama kilivyofungwa kiunoni, kwa fundo la kufunguka haraka, na sasa tu akajiuliza kwa nini alikifunga hivyo.

Gervasi alichukua ile fito iliyovunjika akaiegemeza ukutani.

Bi Esther alingoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kisha akavuta benchi, akakaa, akawaita wakae. "Fundi Castory naye aje," alisema. "Pikipiki yake naiona." Castory akatoka nyuma ya makapi, nyuzi za chikichi nywelini.

"Sitaandika kwamba mmekataa sheria," alisema Bi Esther. "Mmenunua vitu, mmevitunza vizuri kuliko watu wengi ninaowakagua. Bandeji hata haijaguswa." Alilitazama fundo la Mama Veneranda kwa heshima. "Lakini bwana Gervasi, mimi nakuja hapa siku moja au mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote Scola anasimama pale na nani? Viatu ni vya huyu, vya mguu wake huyu, vikae naye. Hata vikija na dagaa, wawe dagaa wake. Kumlinda mtu ni kazi yako wewe mwenye mashine. Si ya chama, wala si yake yeye kuachia kitenge kwa haraka."

"Nimekuelewa, mama."

"Na mashine naifunga."

Gervasi alijua linakuja, lakini aliposikia alishika kifua. "Mikungu sitini, mama. Na pipa zima limeshachemka. Ya watu!"

"Nimeiona. Niko Kigoma mpaka kesho jioni. Saa tisa nitapita hapa. Nikikuta kinga ya chuma, iliyosimama yenyewe, pande zote nne, nitaifungua nikiwa nimesimama hapa, na mtakamua mbele yangu. Nikikuta pande tatu, nitaiacha imefungwa mpaka ziara nyingine."

Akabandika karatasi yenye muhuri kwenye injini, akailainisha kwa kiganja. Kisha akakumbuka jambo. "Mwakilishi wa wafanyakazi mmeshamchagua?"

"Ni Anatoli," alisema Gervasi upesi. "Ndiye mkubwa."

"Mimi hapana," alisema Anatoli. "Mwakilishi lazima avae viatu ili wengine waone. Mchagueni Scola."

"Wanaomtaka Scola?" aliuliza Bi Esther. Anatoli akanyoosha mkono. Castory naye akanyoosha, akakumbushwa kwamba yeye si mfanyakazi wa hapo, akaushusha. Mama Veneranda akaunyoosha wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia aushushe.

Gari la Bi Esther lilipoondoka, Mama Veneranda alianza kuhesabu. Kofia sita, magambuti jozi sita, glavu, sanduku, mtungi. Akavipanga sakafuni mafungu matatu.

"Gawaneni wenyewe," alisema. "Mimi ni wa vyombo vya kuzika. Vyombo vya kuzuia watu wasife, tangu mwanzo sikujua niviweke rafu gani."

"Na turubai, mama?" aliuliza Gervasi kwa sauti ndogo.

"Litarudi. Kabla ya msiba ujao. Kwa hiyo ombea watu afya."

Alipanda basi dogo la kwenda mjini, akaondoka bila kugeuka.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Castory alikwenda na pikipiki Katubuka kuleta mashine yake ya kuchomelea, nondo, na wavu wa chuma uliobaki kwenye kazi ya madirisha. Aliporudi walikuwa wameshaunasua mkanda kutoka kwenye turubai, au turubai kutoka kwenye mkanda, maana ilikuwa vigumu kujua kipi kimeshika kipi. Anatoli alikuwa amemwaga majivu sakafuni kuanzia mlangoni hadi kwenye injini.

"Majivu yanatosha kweli?" Gervasi aliuliza.

"Tangu masika nakuambia majivu, bosi. Ulisema yatachafua mafuta."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Gervasi akapitisha mguu kwenye majivu. Haukuteleza. Akapitisha tena.

Castory akatandika futi yake kando ya mkanda. "Natengeneza sanduku," alisema. "Pande nne, juu limefunikwa, nalichomelea moja kwa moja kwenye fremu ya mashine. Hata ukitaka kulitoa huwezi."

"Safi kabisa," alisema Gervasi. "Hivyo hivyo."

"Na mkanda ukilegea?" aliuliza Scola. "Unalegea kila baada ya siku mbili. Ukilichomelea, mtaukaza kupitia wapi?"

Castory aliitazama futi yake kama iliyomdanganya.

"Upande wa injini uwe mlango," alisema Scola. Akachukua kipande cha mkaa, akachora sakafuni, juu ya majivu. "Bawaba hapa, komeo hapa. Na mdomo wa mashine uongezwe kimo, mpaka hapa kwangu." Akaweka kiganja kwenye mbavu. "Sasa hivi nainama. Nikiinama, kichwa kinakuwa karibu na gurudumu."

"Miaka yote hiyo unainama?" aliuliza Gervasi.

"Hukuwahi kuuliza ninasimamaje, baba Recho. Uliuliza madebe mangapi."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja vipimo, na Castory, ambaye alikuwa akiandika vipimo ukutani kwa chaki, nusura aliandike na hilo.

Wakafanya kazi. Castory alikata nondo, Gervasi akashika, Anatoli akapitisha wavu na kuukunja kingo. Walifanya kosa la kwanza upande wa kulia, wakapima kutoka kwenye gurudumu badala ya kutoka kwenye mkanda, ikabidi wakate tena. Gervasi alitaka wavu wenye matundu makubwa kwa kuwa ulikuwepo wa kutosha. Scola akaingiza mkono wake wote kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko, akamtazama, wakachukua ule wa matundu madogo. Wenye mikungu wawili walipita kuuliza mali yao, wakaambiwa kesho jioni, wakanung'unika. Kisha wakakaa kutazama, na mmoja akaishia kushika ncha ya nondo.

Saa kumi na mbili kasoro pande tatu zilikuwa zimesimama. Gervasi alizipiga teke, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu. Hazikutikisika. Ulibaki upande wa injini, wenye mlango. Castory akavaa miwani yake nyeusi, akainama, akagusisha. Cheche moja ikatoka, na taa ya kiwanda ikazimika. Na ya duka la jirani. Na za upande wa pili wa barabara.

"Umeme," alisema Anatoli, ili pasiwe na asiyejua.

Walingoja robo saa. Walingoja nyingine. Castory akaanza kukunja waya.

Gervasi alikwenda kwenye pipa, akafunua. Chikichi zilikuwa bado za uvuguvugu. Kesho saa tisa zingekuwa zimeanza kunuka. Akaitazama injini, ambayo haikuhitaji umeme wa mtu. Akaitazama karatasi ya Bi Esther, na akaona kwamba pembe moja haikushika vizuri.

"Najiuliza tu," alisema. "Najiuliza, si kwamba nasema tufanye. Hili pipa moja. Pande tatu zimeshazibwa, na upande wa injini hakuna mtu anayesimama. Nusu saa. Karatasi ukiinyanyua polepole haichaniki."

Anatoli alijifanya anatafuta gambuti.

Scola alikwenda kwenye injini, akainama, akachomoa hendeli ya kuwashia kutoka mahali pake. Akaifuta kwa tambara, akaitia kwenye kikapu chake, juu yake akaweka majani ya migomba aliyofungia chakula cha mchana.

"Scola! Hiyo ni mali ya kiwanda."

"Ndiyo, baba Recho. Kesho saa moja ninayo hapa."

"Mimi ndiye mwajiri!"

"Ndiyo maana naibeba mimi. Wewe ungejaribiwa usiku kucha, maskini."

Castory alicheka hadi akaegemea pikipiki. "Si umechaguliwa mwakilishi? Ndiyo hivyo sasa."

Scola alikuwa ameshafika barabarani, kikapu kimeinama upande mmoja kwa uzito wa chuma.

Wakalifunika pipa vizuri, Gervasi na Anatoli, wakaburuta mikungu ya juu kuiweka kivulini ambako asubuhi jua halitaifikia mapema. Castory akaacha mashine yake ya kuchomelea ndani, akasema umeme ukirudi alfajiri yeye atakuwa hapo na alfajiri. Bawaba mbili zilikuwa juu ya benchi, na komeo, na fremu ya mlango ikiwa na kona tatu zilizoungana na ya nne imefungwa kwa waya tu isije ikapinda.

Gervasi alichukua mkaa. Kwa mwanga uliobaki alianza kuweka alama kwenye nondo, pale bawaba zitakapokaa, ili asubuhi wasipoteze muda. Alama ya kwanza ilikaa vizuri. Ya pili hakuiona sawasawa. Akaipima kwa shubiri, akaifuta kwa kidole, akaipima tena, kisha akaiacha mpaka kuche.